Nyuki Walijuliwa Hali Kwanza

Umewahi kumwonea wivu nyuki? Usijibu haraka, na usicheke. Sisemi nyuki wa methali, yule anayefuatwa na wapenda asali. Nasema mdudu mwenyewe, mwenye mabawa manne na sindano moja, asiyejua jina lako wala hana haja nalo. Bi Pindo alimwonea. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, fundi cherehani anayeshonea sare shule tatu, mtu anayeitwa kuamua ugomvi wa wenziwe kwa sababu ana akili zilizotulia. Na asubuhi ile alikuwa amekaa kijiweni, kalamu mkononi, barua gotini, roho inamchoma kwa ajili ya mdudu.

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka lake la kushona, pale barabara ya vumbi inapopinda. Kulia kuna kibanda cha kinyozi. Kushoto kuna meza ya Mzee Buni, muuza kahawa, na birika lake juu ya jiko la mkaa, na ndoo ya kusuuzia vikombe. Nyuma ya duka ni nyumba ya Bi Pindo, nyuma ya nyumba ni ua, na mwisho wa ua ni ukuta. Ng'ambo ya ukuta anakaa Sista. Sista si mtawa. Ni nesi mstaafu, na wagonjwa wa miaka thelathini na miwili hawakumwachia jina jingine. Uani kwake kuna mizinga minne ya nyuki. Mizinga hiyo ndiyo iliyokuwa kesi ya siku ile, na tangu saa mbili benchi lilikuwa limekaa kama mahakama isiyo na wakili wa mshtakiwa.

— Mimi siombi makubwa, alisema Wembe, kinyozi. Naomba tu nyuki wote wafe leo.

— Leo saa ngapi? aliuliza Mzee Buni, akimimina.

— Kabla ya adhuhuri. Adhuhuri nina mteja.

Wembe alikuwa na haki ya uchungu wake. Juzi nyuki kama thelathini waliingia kibandani wakatua kwenye taulo lake lililolowa. Mteja, mwanamume mzima na tumbo lake, alitimua mbio na shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, wa pili una msitu. Hajarudi mpaka leo.

— Na bado anatembea huko mjini hivyo hivyo, alisema Wembe. Akiulizwa, umenyolewa wapi, atanitaja. Hilo ni tangazo la namna gani?

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Mhadhiri. Umenyoa haba ya kwanza. Vumilia.

Huyu Mhadhiri alikaa chuo kikuu miaka kumi na mmoja. Alikuwa mlinzi wa geti. Hajawahi kusema uongo juu ya jambo hilo. Husema tu "nilipokuwa chuo kikuu," kisha hunywa kahawa, na msikilizaji humalizia mwenyewe. Siku hizi ana chumba cha kupiga chapa na kutoa kopi, na ndiye aliyeandika barua iliyokuwa gotini kwa Bi Pindo. Ilikwenda kwa ofisa afya. Kichwa chake kilikuwa: KUHUSU KUONDOLEWA KWA WANYAMA HATARI WENYE MABAWA KATIKA MAKAZI YA BINADAMU.

— Wanyama? Bi Pindo alikuwa ameuliza alipoisoma mara ya kwanza.

— Mdudu ni mnyama aliyepungukiwa, alijibu Mhadhiri. Nilipokuwa chuo kikuu jambo hilo lilizungumzwa sana.

Barua ilikuwa na saini kumi na saba. Iliyobaki ilikuwa ya juu kabisa, penye maneno "Jirani anayepakana ukuta." Ofisa afya alisema waziwazi: bila saini hiyo, barua ni karatasi ya kufungia karanga. Ofisa angefika saa nne. Sista, aliyekuwa safarini siku ya kumi sasa, angerudi kesho. Na Wembe alishapatana na watu wawili wenye mafuta ya taa; ruhusa ikitoka tu, mizinga inachomwa jioni hiyo hiyo, mwenyewe akirudi akute majivu.

Kwa hiyo usiulize kwa nini kila mtu alikuwa anamwangalia mwanamke mmoja na kalamu yake.

— Saini basi, Bi Pindo, alisema Wembe. Wewe si ndiye uliyeumia kuliko sote? Mtazame mbwa wako.

Mbwa alikuwa chini ya benchi. Anaitwa Futi, kwa sababu alipookotwa alikuwa na urefu huo kamili. Bi Pindo alimpima kwa utepe wake. Sasa ni mzee, na pua yake ilikuwa imevimba hadi jicho moja limefumba. Nyuki watano, jana asubuhi, kwenye bakuli lake la maji.

— Mtaka cha mvunguni huinama, alisema Mhadhiri kwa huruma. Mbwa kainama kunywa, kakipata cha mvunguni.

— Methali hiyo si ya hapo, alisema Mzee Buni.

— Methali ni kama shati la kukodi, mzee. Linamkaa aliyelivaa.

Mzee Buni aliinamisha birika kwenye kikombe cha Bi Pindo, ambacho kilikuwa bado kimejaa. Akaliinua tena.

— Mimi nina nadharia yangu, alisema. Hawa nyuki wameonja kahawa. Wiki nzima wako kwenye ndoo yangu ya kusuuzia vikombe. Wanakuja asubuhi kabla ya wateja, wanakaa ukingoni, wanakunywa. Mtu akishaizoea kahawa akaikosa, anakuwaje? Anakuwa mkali. Kichwa kinamuuma. Usiku halali. Sasa chukua mdudu mdogo kiasi kile, mpe kahawa yangu mimi.

— Kahawa yako ni nyepesi, alisema Wembe.

— Ndiyo maana hawajafa.

— Kwangu hawaji kwa kahawa, alisema Mhadhiri. Kwangu wanakwenda kwenye kisahani cha maji cha paka. Paka wangu sasa anakunywa maji kwa kuvizia. Na mke wangu akianika shuka, kabla hazijakauka, zimejaa nyuki. Wanatembea juu ya shuka, wanatoka huku wanakwenda huku, kwa mistari. Mnajua ile ni nini? Wanapima. Ile ni sensa. Kuna mtu anataka kujua tuko wangapi na tunalala shuka za aina gani.

— Nani? Wembe aliuliza.

— Angekuwa anajulikana ingekuwa sensa ya siri?

Bi Pindo alicheka kwa pua, kisha akaacha. Alikuwa mtu wa kucheka sana kijiweni hapo. Siku hizo kicheko kilikuwa kikifika kooni kinakuta pameshonwa.

Lazima ujue kisa cha ukuta. Fundi aliyeujenga, miaka kumi na tisa iliyopita, alipungukiwa tofali moja, usawa wa kifua cha mtu mzima. Akasema atarudi kesho. Hakurudi, na wanawake wawili wa pande mbili hawakumtafuta. Kila siku saa kumi jioni, vikombe viwili vya chai viliwekwa kwenye lile tundu, Bi Pindo huku, Sista kule, na dunia ikapita hapo: umbea wa mtaa, vidonge vya homa, vifungo, chumvi, misiba miwili, na ile wiki ambayo Sista alilia bila kusema sababu na Bi Pindo hakuuliza, alishika tu mkono wake kupitia tundu hadi chai ikapoa. Mume wa Bi Pindo, enzi za uhai wake, alikuwa akisema yeye ameoa mke mmoja na nusu ya jirani.

Kisha Sista akastaafu. Wengine wakistaafu hununua redio. Yeye alikwenda mafunzo ya wiki mbili akarudi na mizinga. Na kwa kuwa ni nesi, alifanya kila kitu kwa utaratibu wa kuchosha. Mizinga aliiweka mwisho kabisa wa ua, midomo yake ikiangalia upande usio na nyumba. Mbele yake alisimamisha wavu na kuupandisha mpesheni mpaka ukapita kimo cha mtu, ili nyuki akitoka apae juu ya vichwa, asipite usoni pa watu. Miguu ya vichanja vilivyobeba mizinga aliitia kwenye makopo ya oili chafu, siafu wasipande. Alizunguka nyumba hadi nyumba kuuliza nani akiumwa na nyuki huvimba koo, akaandika majina. Mwisho akaweka, kando ya mizinga, beseni la bluu lililojaa mawe, na maji yakifika nusu ya mawe. Bi Pindo alimuuliza mawe ya nini.

— Wapate pa kusimama wakinywa, mwenzangu, Sista alisema. Nyuki hajui kuogelea.

Vazi jeupe la kazi hiyo alilishona Bi Pindo mwenyewe, kuanzia kofia yenye wavu hadi mikono yenye mpira, kila mshono mara mbili ili mdudu asipate upenyo. Alishona moja. Akasubiri aambiwe ashone la pili. Alikuwa hata na kitambaa kilichobaki, kinatosha kiuno chake. Hakuambiwa.

Na tangu hapo, saa kumi, alikuwa akiweka kikombe tunduni na kuona mgongo mweupe umeinama kule mbali.

— Nakuja, ndugu yangu. Namtazama malkia.

Malkia. Kikombe kilipoa. Siku nyingine Sista alikuwa anawaimbia. Miaka kumi na tisa Bi Pindo hakuwahi kumsikia mwanamke yule akimwimbia mtu, na ana wajukuu.

Basi Sista alipoitwa na binti yake aliyejifungua, alimwachia Bi Pindo ufunguo wa geti na kazi moja: kila asubuhi ajaze beseni. Siku ya kwanza Bi Pindo alijaza. Siku hiyo hiyo aling'olewa gego, jambo ambalo Sista alilijua tangu wiki iliyotangulia. Jioni simu ikalia. Bi Pindo aliipokea shavu limevimba, pamba mdomoni.

— Nyuki wangu hawajambo? Sista aliuliza.

Aliuliza kama wanatoka mapema. Aliuliza kama mzinga wa tatu umetulia. Aliuliza kama jua ni kali. Kisha mtoto akalia kule, simu ikakatika. Gego halikuulizwa.

Asubuhi Bi Pindo alifungua geti, akasimama mbele ya beseni, akalipindua kwa mguu, mawe na maji na vyote, akaliacha limelala kifudifudi. Wana mabawa, alijisemea. Wajitafutie.

Walijitafutia. Siku ya tatu walikuwa kwenye ndoo ya Mzee Buni. Bi Pindo aliona ncha zote mbili za uzi, na ni fundi. Angeweza kuzifunga fundo akiwa amefumba macho. Alikataa tu kuzishika.

— Nyinyi wote hamjagusa penyewe, alisema Wembe, akivuta kiti cha kibandani ili akae juu kidogo ya wenzake. Nani mwenye nyuki? Nesi. Nesi kazi yake nini? Sindano. Miaka thelathini na miwili anachoma watu sindano, mchana na usiku, watoto kwa wazee. Halafu siku moja serikali inamwambia, mama, asante, kapumzike. Mwili unapumzika. Mkono wa sindano je? Mkono haustaafu. Sasa amefanyaje? Ameajiri wasaidizi elfu sitini. Kila mmoja na sindano yake.

Mhadhiri aliweka kikombe chini kwa heshima.

— Hiyo, alisema Mhadhiri, ningeisikia nilipokuwa chuo kikuu ningeiandika.

— Ongeza na hili, alisema Wembe, amepata moto. Mbona yeye hawamchomi? Mtu anayeng'atwa na mbwa wa kwake umemwona wapi? Anawatuma. Aliposafiri amewaachia orodha. Namba moja Wembe, kwa sababu niliwahi kusema asali yake ina bei.

— Uliyasema wapi? aliuliza Mzee Buni.

— Kwa kila mteja.

Hapo ndipo mbuzi alipotoka kwenye gunia. Kwa sababu Wembe, ukimwacha aongee, hatimaye husema ukweli kwa bahati mbaya. Magari. Yalikuwa yanakuja magari masafi, yanasimama mbele ya kibanda chake, vioo vinashuka, yeye anafuta kiti haraka, na mtu anatoa kichwa chenye nywele za kunyolewa kabisa na kuuliza: samahani, kwa mama wa asali ni wapi?

— Wapi, wapi, alisema Wembe. Mimi nimekuwa kibao cha barabarani.

— Wewe bado nafuu, alisema Mzee Buni. Mimi mteja wangu wa miaka saba alikuja na kichupa chake. Akatia asali ya Sista kwenye kahawa yangu. Akafumba macho. Akasema, leo ndiyo umeipika. Leo. Miaka saba nampikia nini, matope?

Mhadhiri alijifanya anasoma barua yake mwenyewe.

— Na wewe? Mzee Buni alimuuliza.

— Mimi sina kinyongo na mtu. Ila lebo za vile vichupa alikwenda kuchapisha mjini. Mashine yangu iko hatua themanini kutoka geti lake. Nilizipima.

Kila mmoja alikuwa na donge lake, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Bi Pindo aliona haya. Aliwaangalia wanaume wale watu wazima waliokuwa wanataka kuchoma viumbe moto kwa ajili ya lebo na kichupa, akatamani kuwacheka, akakumbuka kitambaa cheupe kilichobaki, kimekunjwa vizuri kwenye droo yake ya chini.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Wembe, kwa kuwa nyuki mmoja alikuwa anatembea kwenye aproni yake. Mnaona? Methali inatimia mbele ya macho yenu.

Akamtoa kwa brashi ya nywele. Bi Pindo alihisi kama ni yeye aliyepigwa brashi.

Simu yake ikalia. Aliangalia kioo: Sista. Akafikiria kuiacha ilie, lakini benchi zima lilikuwa limeshasoma jina.

— Pokea, alisema Mhadhiri. Ila usitaje sensa.

Bi Pindo alipokea. Sauti ya Sista ilikuwa kubwa siku zote, sauti ya mtu aliyezoea kuita majina wodini, na kila aliyekaa kwenye ubao ule alisikia.

— Pindo, gego lako linaendeleaje? Na usiniambie vizuri, nakujua. Siku ile mtoto alilia, nikasahau, nimelala na aibu siku zote hizi, kila nikitaka kupiga wananishika huku. Ulikunywa dawa yote au uliacha ulipopata nafuu?

— Nilikunywa, alisema Bi Pindo.

— Mwongo. Sasa sikiliza. Mzee Buni ameniambia habari za Futi.

Mzee Buni aliinamia jiko lake, ghafla lilihitaji kupulizwa.

— Mkandamizie kitambaa cha maji baridi, asijikune. Akishindwa kupumua vizuri mpeleke kwa daktari wa mifugo, usingoje. Na kuhusu barua, najua kuna barua. Ndugu yangu, saini.

— Nini?

— Saini. Sijui nimekosea wapi, nimefikiria usiku kucha sijaona. Labda mzinga wa tatu ni wa wakali. Labda uzee wangu. Lakini kama wamefika kumuuma Futi nyumbani kwake, basi sina haki nao. Siwezi kufuga kitu kinachokuumiza wewe. Waambie tu wasiwachome, nitakuja kuwahamisha mwenyewe. Saini, mwenzangu, usione vibaya kwa ajili yangu. Haya, huyu ameamka, nakuja kesho.

Simu ikazimika.

— Basi imekuwa rahisi, alisema Wembe, kwa sauti ndogo kidogo. Mwenyewe kasema.

— Kasema wasichomwe, alisema Mzee Buni.

— Kasema saini. Hilo la kuchomwa ni maelezo.

Bi Pindo aliweka ncha ya kalamu juu ya mstari. Ndicho alichokuwa anakitaka. Mizinga iondoke, mgongo mweupe uinuke, saa kumi irudi mahali pake. Alikuwa ameshinda, na aliyempa ushindi ni mshindwa mwenyewe, kwa mkono wake, akimpa na pole juu. Kalamu ilitoa nukta moja ya wino. Zaidi ya hapo haikwenda.

— Shikamooni, alisema mtu.

Alikuwa binti mwembamba, viatu vyeupe kwa vumbi, faili kwapani. Ofisa afya mpya. Wa zamani, yule aliyedai saini ya jirani, alikuwa amehamishwa juzi. Walimwitikia, Mzee Buni akampa kikombe, Wembe akampa kiti, Mhadhiri akampa barua na utangulizi wa barua. Binti alisoma mpaka mwisho bila kubadilisha uso, hata alipofika kwenye mabawa.

— Nielezeni wenyewe, alisema, akafungua faili. Mlikutana nao wapi hasa?

Wakaeleza, wote kwa pamoja. Yeye akawa anaandika kimoja kimoja, akirudia kwa sauti ya chini. Taulo lililolowa kwa kinyozi. Ndoo ya kusuuzia vikombe. Kisahani cha maji cha paka. Shuka ambazo hazijakauka. Bakuli la mbwa. Alipomaliza aliitazama orodha yake kwa muda, akiuma nyuma ya kalamu.

— Mwenye mizinga anawanywesha wapi? aliuliza.

— Nani?

— Nyuki. Maji yao wanakunywa wapi?

Lilikuwa swali dogo sana. Wembe alimwangalia Mhadhiri. Mhadhiri alimwangalia Mzee Buni. Wiki nzima walikuwa wamewazungumzia nyuki kwa marefu na mapana, silaha zao, ulevi wao, sensa yao, mwajiri wao, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba wana kiu.

— Nyuki hunywa maua, alisema Mhadhiri.

— Hapana, baba. Hunywa maji, na jua likiwa kali hivi huyabeba mengi mno, wapoze mzinga. Asiyewekewa kwake huenda kwa jirani. Hawa wala si wakali. Wana shida ya maji, na mtu akiwakanyaga au akiwabana kwa pua, humchoma.

Alifunika kalamu, akaifunua tena.

— Basi hapa kosa ni la mwenye mizinga, alisema. Kasafiri siku kumi hakuacha maji wala mtu wa kuyatia. Huo ni uzembe, na ikiandikwa uzembe haruhusiwi kufuga tena, hapa wala kwingine. Niandike hivyo? Au kuna anayejua zaidi?

— Andika, alisema Wembe.

— Usiandike, alisema Bi Pindo.

Alikuwa amesimama. Barua ilianguka kutoka gotini, ikamwangukia Futi, naye hakuinua hata kichwa. Bi Pindo aliingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, akatoa ufunguo uliofungwa kitambaa chekundu, akauweka mezani kati ya vikombe.

— Yule mama hana uzembe, alisema. Angekuwa nao sisi wengine tungepumua. Beseni lipo. La bluu, lina mawe ndani, wapate pa kusimama. Na mtu alimwacha. Aliniacha mimi.

— Ukasahau, alisema Mzee Buni haraka, kwa upole, kama mtu anayemtupia mwenzake kamba. Na gego lile. Mtu husahau.

Kamba ilikuwa pale, imenyooshwa, wote wameishika upande wa pili. Hata Wembe alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kusahau si kosa. Bi Pindo aliiangalia.

— Sikusahau, alisema. Siku ya kwanza nililijaza. Siku ya pili nililipindua kwa makusudi, kwa mguu huu, nikafunga geti nikaenda kushona. Na kila siku nilikuwa napita, naliona, naliacha.

Binti hakuandika kitu.

— Lakini kwa nini, Bi Pindo? Wembe aliuliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa na nadharia.

— Kwa sababu alikuwa na furaha, alisema Bi Pindo, na mimi sikuwemo.